Orodha ya Ulaya: aliyefeli ni msimamizi wa mtihani

Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga la Umoja wa Ulaya. Wapo waliosikitika, wapo waliocheka, mambo yakapita. Juni 2025 orodha ikatoka tena, na safari hii halikutajwa shirika moja peke yake. Yaliingizwa mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, kuanzia lile lenye Dreamliner hadi yale yenye Cessna chache za kupeleka watalii Seronera. Mjadala ukawa ni wa ndege: mpya au mitumba, nzima au mbovu, na nani anamwonea nani wivu. Nadhani habari ile tuliisoma vibaya, na ugonjwa ukishasomwa vibaya dawa hununuliwa duka lisilo lake.

Tuchukue mfano wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, inapokifungia kituo cha mtihani. Hata mtoto aliyekesha na kibatari akisoma lazima ahamie kituo kingine, ingawa hakuna aliyemkuta akidesa. Anayetiliwa shaka ni msimamizi, na saini ya msimamizi ikishatiliwa shaka, kila karatasi iliyopita mikononi mwake inashuka thamani, ya mwizi na ya mwaminifu kwa pamoja. Hicho ndicho kilichotokea Juni. Tume ya Ulaya haikudai kwamba imefungua injini za kila ndege iliyosajiliwa hapa na kuzikuta zina kasoro. Ililalamikia usimamizi wa mamlaka ya taifa ya usafiri wa anga, yaani TCAA: wataalamu wenye sifa hawatoshi, ukaguzi haufanyiki inavyopasa, na viwango vya kimataifa havifikiwi. Kwa hiyo mwenye dawa ni anayepanga mishahara ya wakaguzi na anayeandika sheria inayowalinda. Ndege mpya hata kumi haziwezi kuliondoa jina letu pale.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Desemba 1944, vita ya pili ya dunia ikiwa bado inaunguruma, nchi 52 zilitia saini Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga. Ibara ya 33 ya mkataba huo ndiyo inayobeba biashara yote ya ndege tunayoiona leo. Kwa lugha ya sokoni inasema hivi: ndege ya nchi nyingine ikitua kwako, huipimi upya wala humtahini rubani wake, unauamini muhuri wa nchi ilikotoka, kwa sharti kwamba muhuri huo umegongwa kwa viwango visivyopungua vile vya chini tulivyokubaliana. ICAO, shirika lililozaliwa na mkataba huo, halitoi leseni kwa rubani yeyote duniani wala halina ubavu wa kumfungia mtu uwanja. Linaandika viwango, na tangu 1999 linazikagua serikali: zina sheria gani, zina wakaguzi wangapi na wamesomea nini, leseni zinatolewaje, ajali zinachunguzwa na nani. Linalokaguliwa ni dola, na hili huwapotea watu wengi.

Orodha ya Ulaya nayo ina chimbuko lake. Januari 3, 2004, Boeing 737 ya Flash Airlines ya Misri ilianguka katika Bahari ya Sham muda mfupi baada ya kuruka kutoka Sharm el-Sheikh. Walikufa watu 148, wengi wao watalii wa Kifaransa. Baadaye ikajulikana kwamba Uswisi ilikuwa imeshalizuia shirika hilo tangu 2002, ila abiria wa nchi jirani hawakuambiwa. Hasira ya familia zile ndiyo iliyozaa kanuni ya mwaka 2005, na orodha ya kwanza ikatoka Machi 2006. Tangu mwanzo ilikusudiwa kumwambia abiria wa Ulaya kile ambacho serikali yake inakijua. Ndiyo maana makali yake kwetu hayako Paris wala Frankfurt, ambako mashirika yetu hayakuwa yakienda. Yako kwa wakala wa safari kule Ulaya, ambaye sheria inamtaka amweleze mteja wake kwamba kipande cha Arusha kwenda Serengeti, au Dar kwenda Unguja, kitarukwa na shirika lililomo kwenye orodha, na mteja huyo ana haki zake akikataa.

Mkaguzi wa anga hufanya nini hasa? Wengi wetu hatujui, kwa sababu kazi yake haionekani. Niliwahi kupanda ndege ndogo ya Caravan kutoka Unguja kwenda Dar. Tulipimwa uzito sisi na mabegi yetu kama magunia ya karafuu, kisha nikaambiwa nikae mbele, kiti cha kulia, pembeni ya rubani. Pedali zilizokuwa mbele ya miguu yangu zilikuwa zikijongea zenyewe kila alipokanyaga zake. Asubuhi hiyohiyo, njiani kwenda uwanjani, trafiki alikuwa ameisimamisha teksi yetu akaikagua leseni ya dereva, akaigeuza nyuma na mbele juani. Ya rubani sikuiona, wala haikunijia kuiuliza. Dakika ishirini juu ya maji nilimwachia mtu nisiyemjua anikagulie.

Leseni yenyewe haipatikani kwa kubembeleza. Kwa viwango vya ICAO, anayetaka kuajiriwa kama rubani wa biashara anahitaji saa 200 za kuruka, au 150 akisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Juu ya hapo kuna cheti cha afya cha daraja la kwanza kinachoisha muda na kufanywa upya, kipimo cha Kiingereza cha redioni, na kwa rubani wa shirika, mtihani wa umahiri mara mbili kwa mwaka, ambao siku hizi mara nyingi hufanyiwa kwenye mashine ya kuigiza ndege. Marubani wetu wengi wamesomea Afrika Kusini, Kenya, Ethiopia au Marekani. Kijana anarudi na leseni ya kigeni na kitabu cha saa zake. Sasa shika kitabu hicho mkononi: kila mstari ameuandika mwenyewe. Tarehe, aina ya ndege, kutoka wapi kwenda wapi, saa ngapi. Saa moja ya Cessna 172 ni pesa nyingi kwa mzazi anayelipa, na kalamu ni rahisi kuliko mafuta ya ndege. Marubani wenyewe wana utani wao kuhusu “saa za kalamu”. Anayezuia utani huo usigeuke msiba ni mtu wa ofisini anayepiga simu chuoni Johannesburg, akalinganisha mstari wa kitabu na daftari la ndege ile siku ile. Asipokuwepo, au akiwepo mmoja mwenye mafaili mia mezani, kitakachobaki ni muhuri tu.

Pakistan ilituonyesha mambo yanavyokuwa hapo. Mei 22, 2020, Airbus A320 ya PIA, shirika la ndege la nchi hiyo, ilianguka katika makazi ya watu Karachi na kuua abiria na wafanyakazi 97 kati ya 99 waliokuwemo. Mwezi uliofuata waziri wa anga, Ghulam Sarwar Khan, alisimama bungeni akasema marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo wana leseni zenye mashaka, wengi wakidaiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine. Kabla wiki haijaisha Ulaya ilisimamisha kibali cha PIA, na kizuizi hicho kilidumu hadi Novemba 2024. Idadi ile ilibishaniwa sana na wapo waliosafishwa baadaye, lakini wakati huo hapakuwa na namna ya mtu wa nje kuwatenganisha. Rubani wa Kipakistani aliyeajiriwa Ghuba, aliyefanya mitihani yake yote kwa jasho lake, aliamka asubuhi akakuta mwajiri anamuuliza maswali. Ni kituo cha mtihani kilekile. Sisemi leseni za Tanzania zina uchafu huo. Hakuna aliyesema hivyo, hata Ulaya. Ninachosema ni kwamba leseni ya mtu mwaminifu hulindwa na ofisi isiyo na huruma, na ofisi hiyo ikilegea wa kwanza kuumia ni huyo mwaminifu.

Sasa tuje kwa wanaopinga. Hoja iliyosambaa kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba hii ni vita ya kibiashara, wazungu wanaogopa ushindani wa Air Tanzania. Ushindani gani? Hakuna shirika la Ulaya linalogombania abiria wa Dar kwenda Mwanza, na wala hakuna linalotaka kupeleka watu Songea. Kama nia ingekuwa kuibana Afrika isiruke kwenda Ulaya, wangeanza na Ethiopian Airlines, ambayo kweli inawachukulia wateja, na sisi tungeachwa kwa baadaye. RwandAir iliruhusiwa kutua Brussels, mlangoni kabisa kwa hao wanaodaiwa kutuonea wivu. Kenya Airways inakwenda London, Paris na Amsterdam, na tangu Oktoba 2018 inakwenda New York moja kwa moja, baada ya Wamarekani kuikagua mamlaka ya anga ya Kenya na kuipa daraja la kwanza mwaka 2017. Angalieni mpangilio huo: kwanza alipita mkaguzi, ndege ikafuata. Sisi tulianza na ndege.

Hoja ya “ndege zetu ni mpya” ni ndugu wa hiyo. Ni kweli tangu Dash 8 za kwanza zifike 2016 na Dreamliner Julai 2018, Air Tanzania imebadilika sura. Lakini upya wa ndege ni sifa ya aliyeitengeneza. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus A220 zetu, mpya hizohizo, zilikaa chini kwa matatizo ya injini yaliyozikumba ndege za aina hiyo duniani kote. Ndege mpya inahitaji mkaguzi aliyesomea ndege hiyo, anayejua kusoma kitabu ambamo rubani huandika hitilafu na kuona kwamba kifaa kilichoruhusiwa kusubiri matengenezo kwa siku kumi sasa kina siku kumi na nne. Kila aina ya ndege inayoongezwa inaongeza mzigo kwa mkaguzi. Tulileta aina baada ya aina, kwa ngoma na viongozi uwanjani, na sikumbuki kusikia siku hiyo ikitajwa idadi ya wakaguzi waliopelekwa kuzisomea.

Hoja yenye uzito ni ile ya unafiki, na siwezi kuipuuza. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, aliyewaficha waajiri wake ugonjwa wa akili, alijifungia chumba cha marubani akaiangusha ndege kwenye milima ya Alps na kuua watu wote 150. Baadaye ikafahamika kwamba miezi michache kabla ya hapo wakubwa wa Umoja wa Ulaya walikuwa wameiandikia Ujerumani kuhusu upungufu katika mamlaka yake ya anga, ukiwemo uhaba wa watumishi. Uhaba wa watumishi! Ugonjwa uleule walioukuta kwetu. Ujerumani ilipata barua, sisi tumepata orodha. Marekani nayo iliiachia Boeing ijikague yenyewe kwa sehemu kubwa katika 737 MAX, wakafa watu 189 Indonesia Oktoba 2018, na 157 Ethiopia Machi 2019, na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikawa miongoni mwa wa mwisho kuzuia ndege hizo zisiruke. Kwa hiyo anayesema mizani haiko sawa ana ushahidi. Tena nchi nyingi zilizofungiwa nzima ni za Afrika, na hilo linauma.

Ila hoja hii, pamoja na ukweli wake, inaishia pabaya kwa anayeitumia kujitetea. Kama Ujerumani yenye fedha zake inaweza kupungukiwa na wakaguzi na watu wakafa, basi uhaba wa wakaguzi unaua popote, na haumwulizi mtu pasipoti. Unafiki wa hakimu haumfanyi mshtakiwa kuwa mzima. Na tukumbuke wanaokaa ndani ya ndege hizi ni akina nani: mwalimu anayekwenda Mtwara, mama anayempeleka mtoto Muhimbili, mfanyabiashara wa dagaa wa Mwanza. Mjerumani ameshaonywa na serikali yake. Hawa wa kwetu hawana Tume ya kuwaandikia orodha. Wana TCAA tu.

Novemba 6, 2022, ATR ya Precision Air ikiwa na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa. Walikufa 19. Tunakumbuka wavuvi waliofika na mitumbwi, tunamkumbuka kijana Majaliwa Jackson, na ni haki kuwakumbuka. Swali nililotamani liulizwe kwa sauti ileile ni la kiofisi na halina picha: uchunguzi unafanywa na kitengo kilicho chini ya wizara ileile inayosimamia mamlaka ya anga, viwanja vya ndege na shirika la ndege la serikali. Kitengo hicho kikigundua kwamba kosa sehemu yake ni la ndugu zake wa ghorofa ya juu, kitaandika kwa wino gani? Simtuhumu mtu. Nauliza kuhusu namna nyumba ilivyojengwa.

Na nyumba yetu imejengwa kwa kubanana. TCAA inatoa leseni na kukagua, na wakati huohuo inaongoza ndege angani, kazi ambayo nayo inapaswa kukaguliwa. Serikali inamiliki shirika kubwa kuliko yote, inamiliki ndege kupitia wakala wake TGFA na kulikodisha shirika hilo, na inamiliki viwanja kupitia TAA. Mbia, mwenye nyumba, mpangaji na askari ni wa ukoo mmoja. Nchi nyingine nazo hubanana. Uganda mamlaka yake ya anga ndiyo inayoendesha uwanja wa Entebbe. Mbanano wenyewe hauangushi ndege, unamfanya tu mkaguzi aongee kwa sauti ya chini. Lakini historia yetu inaonyesha inawezekana kuongea kwa sauti. Desemba 2008 TCAA hiyohiyo iliinyang'anya cheti cha uendeshaji ATCL, yaani Air Tanzania yenyewe, shirika la taifa, la serikali yake, kwa sababu za viwango vya usalama. Ndege zikakaa chini. Wakati huo ATCL ilikuwa dhaifu, haikuwa fahari ya mtu. Leo, baada ya mabilioni yaliyowekwa pale, mkaguzi wa ngazi ya kati akikuta kasoro kwenye Dreamliner yenye abiria wanaosubiri lango la kuondokea, atasaini karatasi ya kuizuia bila kwanza kupiga simu Dodoma? Nadhani swali hilo lingewapendeza sana wakaguzi wa Ulaya, na lingetufaa zaidi sisi.

Halafu mshahara, ambao ndio mzizi. Mkaguzi wa uendeshaji wa ndege lazima awe rubani aliyeiva. Huwezi kumkagua nahodha wa A220 kwa kusoma kitabu. Mkaguzi wa ufundi lazima awe mhandisi wa ndege mwenye leseni. Watu hao ndio haohao wanaotafutwa Doha, Dubai na Addis Ababa kwa malipo ambayo ngazi za mishahara ya utumishi wa umma hazikuyaota. Kwa hiyo mamlaka inabaki na wastaafu, vijana ambao hawajafikisha saa, au, njia hatari kuliko zote, kumwazima rubani wa shirika akakague shirika. Wapo watakaosema mtumishi wa umma hawezi kulipwa zaidi ya mkurugenzi wake. Kwa nini asilipwe? Daktari bingwa tumeshamkubalia mambo ambayo karani hayapati. Na mamlaka hii haiishi kwa ruzuku peke yake. Kila ndege ya kigeni inayokatiza juu ya anga letu inalipia.

Waliotoka kwenye orodha wameonyesha muda unaohitajika. Indonesia ilifungiwa yote 2007; shirika lao la Garuda na wenzake wachache wakatolewa 2009, wengine wakasota, na wa mwisho wakatoka Juni 2018. Jirani zetu Zambia waliingia 2009 wakatoka 2016, Msumbiji 2011 hadi 2017. Kongo iko humo tangu 2006, na anayeruka kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi leo hajui hali nyingine. Tofauti kati ya miaka miwili ya Garuda na karibu miongo miwili ya Kongo haikuletwa na ununuzi wa ndege.

Kuna njia moja ya mkato halali, na ajabu ni kwamba tulishawahi kuwa nayo. Hadi 1977 Afrika Mashariki ilikuwa na idara moja ya anga na shirika moja la ndege, na marubani walifundishwa Soroti, Uganda. Jumuiya ilivunjika, kila mmoja akaondoka na sufuria yake. Mwaka 2007 Jumuiya mpya ikaanzisha CASSOA, wakala wa pamoja wa usalama wa anga wenye makao Entebbe, kwa wazo lilelile: kanuni zifanane na wakaguzi waazimane. Mkenya aliyesomea Dreamliner angeweza kuja kukagua ya kwetu, Mtanzania akaenda kukagua Dash 8 za Kigali, na hakuna kati yao ambaye bosi wake anakula meza moja na mkurugenzi wa shirika analolikagua. Kinachokwamisha ni kwamba hakuna waziri anayependa mgeni aje kumwandikia mapungufu. Ila mgeni ameshakuja na ameshaandika, tena wa mbali zaidi.

Mimi sisubiri toleo lijalo la orodha. Nasubiri tangazo la kazi: wakaguzi wa uendeshaji, wakaguzi wa ufundi, wahakiki wa leseni, nafasi ngapi, na kwa mshahara gani. Likitoka na mshahara ambao nahodha wa miaka arobaini na tano anaweza kuusoma bila kucheka, nitajua kuna mtu aliyeelewa orodha ya Juni ilimlenga nani.